Mshono wa Sentimita Arobaini

Aliniletea bawa lake ndani ya mfuko wa mbolea,
limekunjwa kama shuka la mgonjwa,
jekundu, limechanika karibu na ncha.
Mchongoma wa Bangwe, alisema, umelila.
Bukuru, yule pacha mkubwa wa Mlole.
Nilikaa nalo siku mbili:
uzi wa nailoni, mshono wa kwenda na kurudi,
sentimita arobaini. Elfu kumi na nane.
Akapapasa mifuko yote minne.
"Fundi, hela sina. Upepo ninao."

Ndipo Jumamosi nikafunga kibanda cha Mwanga,
gauni la bi harusi likabaki na mkono mmoja,
nikapanda pikipiki na suruali ya kaka yangu,
mkasi mfukoni, sijui wa nini.

Juu ya jabali nyasi zilikuwa kavu, Julai,
moshi wa mashamba umeifuta Kongo;
ziwa halikuwa na ng'ambo.
Tulikaa. Tulikula muhogo na mgebuka wa jana.
Saa nne upepo ulitoka nchi kavu, ukitusukuma mgongo.
"Huu ni wa kuua," alisema,
akalala, kofia usoni.

Saa nane ukageuka.
Ulitoka majini, ukalipanda jabali
kama mwenye nyumba anayerudi kwake,
na nyasi zote zikainama kuelekea kwetu.
Akanifunga mikanda, kifuani, mapajani,
akaukuta mkasi, akauweka juu ya jiwe.
"Kule hatwendi na kitu kinachokata.
Sasa kimbia.
Hata ukiona ardhi imeisha, wewe kimbia."

Nilikimbia.
Ardhi ikaisha; miguu haikuamini,
ikaendelea kukanyaga hewa
kama inavyokanyaga cherehani.

Watu wananiuliza niliona nini.
Sikuona kitu. Niliangalia juu,
nikautafuta mshono wangu.
Ulikuwa kushoto, chumba cha tatu kutoka ncha,
jua limepenya kitambaa
na kila tundu la sindano limekuwa nukta ya mwanga.
Nilizihesabu
kama mzazi anavyohesabu vidole
vya mtoto aliyezaliwa usiku, umeme umekatika.

Nimeshona sare za shule, nimeshona sanda,
joho la padri, suruali za wasiolipa.
Sikuwahi kuning'inia
kwenye nguo niliyoishona mwenyewe.
Nilijua pale kwenye sentimita ya thelathini
mtoto wa jirani aliniita, nikageuka.
Nilijua, na Bukuru hakujua,
alikuwa nyuma yangu akipiga mluzi.

Mwewe akaja, akatupima, akaona hatuliki.
"Tumfuate," Bukuru alisema,
"yeye ndiye anayejua hewa inapandia wapi."
Akavuta kamba, bawa likasikia,
tukazunguka, tukazunguka,
na majabali chini yakapungua makali,
maji yakawa ya rangi mbili, kijani ya pembeni
na ile nyingine, nyeusi, ya kina,
isiyo na pindo, isiyo na mshono popote,
nikajiuliza ni fundi gani huyu
na alipata wapi kitambaa cha upana huu.

Ndipo nikacheka. Peke yangu, kwa sauti.
Bukuru akadhani nalia.

Tulitua Katonga, mimi kwa makalio,
katikati ya dagaa wa Mama Stamili walioanikwa mchangani.
"Mbingu nzima mmeiacha," alifoka, upawa mkononi,
"mkaona mtue juu ya dagaa wangu!"
Butoyi, pacha mdogo, akaja mbio kukunja bawa.
Nikamwambia ngoja.
Nikapiga magoti, nikaupapasa, nukta kwa nukta.
Sentimita ya thelathini: uzi umechomoza,
urefu wa ukucha.
Nikatafuta mkasi. Mkasi uko Bangwe, juu ya jiwe.
Nikaukata kwa meno, nikautafuna, nikanyamaza.

"Tumemalizana, fundi?"

"Nusu," nikasema. "Elfu tisa bado.
Na mkasi wangu, nenda kaulete."